Kilomita Arobaini na Sita

Likasi, Ijumaa, 1 Machi 2024

Yaya Édouard,

Kaka yangu mkubwa, salamu zangu na za nyumba nzima zikufikie huko gerezani Buluo. Mama ni mzima, isipokuwa magoti, nayo anasema ni ya baridi wakati sote tunatoka jasho. Mimi na cherehani yangu hatujambo. Na wewe je? Kikohozi kimepoa? Shemasi Carlos anasema umepungua, lakini yeye humwona kila mfungwa amepungua. Nimempa unga, dagaa wa ndakala na vipande viwili vya sabuni akuletee kesho.

Sasa jambo lenyewe. Nimeamua kuifufua gari ya Papa, ile 404. Usikunje uso. Imekaa juu ya matofali tangu mwaka 2016, kuku wanataga ndani, na wewe uliyetengeneza magari ya mtaa mzima hukuwahi kuigusa. Mganga hajigangi, ndivyo wasemavyo. Mabibi harusi ninaowashonea magauni wananiuliza kila siku wapi watapata gari nyeupe ya zamani ya kuwapeleka kanisani. Nikiwa na gauni na gari, nani atanipita hapa Likasi?

Mama alikubali upesi kuliko nilivyotazamia. Alisema, "Tengeneza tu. Elikia akirudia, akute gari ya baba yake iko natembea."

Unamjua Mama. Miaka karibu minane mdogo wetu yuko Zambia bila simu wala barua, na bado anamwombea kwa jina kila Jumapili. Juzi aliniambia haogopi kufa, anaogopa kufa bila kujua kama mtoto wake yuko hai. Nilijifanya natafuta sindano ili asione macho yangu.

Papa Assani, yule mzee wa garaji karibu na msikiti, atanisaidia upande wa vyuma. Mimi nitashughulika na viti, dari na vitambaa. Tueleze: boite ya vitesi, lile sanduku la gia, iliharibika wapi hasa? Ulituambia ndiyo iliyoua gari.

Mdogo wako,
Daniella


Buluo, 9 Machi 2024

Daniella mdogo wangu,

Vyote vimefika, Mungu awazidishie. Kikohozi kinakuja na kuondoka. Mwambie shemasi sijapungua, ni shati ndilo limekua. Nakumbusha tu kwamba barua zetu husomwa mlangoni, kwa hiyo tuandikiane mambo ya nyumbani.

Gari hiyo ningependa uiache. Desemba natoka, nitaiangalia mwenyewe. Lakini najua ukishashika mkasi huuweki chini, basi sikiliza vizuri. Ondoeni bujii zote nne za kuwashia, mimineni kijiko cha mafuta ya moteri katika kila tundu, mngoje siku mbili, ndipo mzungushe kwa mkono. Mtu asiilazimishe kwa batri. Mipira ya freni yote ni ya kubadilisha, hata ile inayoonekana mizima, gari isije ikakataa kusimama. Waya za taa zimeliwa na panya, msizifunge-funge, wekeni mpya. Karbirateri iloweke petroli usiku na mchana.

Boite msiifungue. Fundi asiyeizoea ataishia na ndoo ya vyuma na maneno mengi. Viti vya mbele fanya upendavyo. Cha nyuma kiache, sponji yake ni nzima, hakuna kazi hapo.

Msalimie Mama. Mwambie namwota.

Yaya wako,
Édouard


Likasi, Ijumaa, 5 Aprili 2024

Yaya,

Amani iwe nawe. Sisi tunaendelea. Mama anakula vizuri, mvua zimeanza kupungua, na mafua yangu yamekwisha. Natumaini unalala.

Boite tumeifungua, usikasirike. Papa Assani alifuta jino moja moja kwa kitambaa, akaniangalia juu ya miwani. "Hii boite haiko na bugonjwa. Nani alisema ilikufa?" Nikamwambia ni wewe. Akarudi kufuta meno aliyokwisha kuyafuta. Labda ulikosea. Hata fundi hukosea.

Moteri tumeitoa kwa mnyororo, iko juu ya meza kwenye garaji yake. Magurudumu nayo yametolewa, yanangoja mipira. Gari imebaki uani kwetu juu ya matofali, na ukifunua kapo, kile kifuniko cha mbele, unaona majani yaliyoota chini yake.

Jumanne nilifungua kiti cha nyuma. Najua ulisema nini, lakini huwezi kumpa bibi harusi kiti cha mbele kipya na cha nyuma kinachonuka kuku. Chini ya ngozi nilikuta kitambaa kingine kimeshonwa juu ya sponji kwa uzi wa kuvulia samaki, mishono mirefu iliyolalia kushoto. Nilicheka peke yangu. Ni mkono wako, yaya, ndivyo ulivyoshona suruali yako ya shule ilipopasuka. Nilipofumua, kicheko kikaisha. Kulikuwa na doa jeusi, pana, gumu, lenye udongo mwekundu ndani yake. Nilikata sponji yote nikaichoma, nikaweka mpya na kitambaa cheupe.

Sasa kuna kitu sikielewi. Unajua desturi ya magaraji yetu: kabla ya kufungua bulong hata moja kwa spana, fundi huandika kwa chaki ndani ya kapo namba ya kompteri ya kilomita, ili mwenye gari asije kusema uliendesha kilomita zake kwenda harusini. Papa Assani aliandika 68,214, na hadi Jumanne ilibaki hiyo hiyo. Jumatano asubuhi kompteri ilisoma 68,260. Alhamisi 68,306. Leo 68,352. Gari haina moteri wala magurudumu. Kila asubuhi kilomita arobaini na sita.

Ni nini hicho? Wewe ndiye fundi.

Mdogo wako,
Daniella


Buluo, 13 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Nashukuru kwa ndakala. Mimi ni mzima.

Usijitie hofu bure. Kompteri za zamani zina meno ya bati laini, yakilika namba huteleza zenyewe kwa joto na baridi. Au panya anacheza na kebo. Toeni kebo inayotoka kwenye boite hadi kompteri, itundikeni ukutani, na mambo yatakwisha.

Lile doa ni la mbuzi. Nilimbeba mbuzi wa Noeli ya mwisho kabla gari haijafa, akajeruhiwa na waya. Nilishona ili Papa asione uchafu kwenye gari yake, hata kama alikuwa amekwisha kufa. Unajua nilivyomwogopa.

Msalimie Mama.

Yaya wako,
Édouard


Likasi, Ijumaa, 3 Mei 2024

Yaya Édouard,

Bwana akulinde. Hapa baridi ya asubuhi imeanza, Mama ametoa sweta yake ya kijani. Ana afya, ila ana tabia mpya nitakayokueleza.

Kebo ipo ukutani kwangu, imetundikwa kwenye msumari pamoja na futi yangu ya kupimia. Leo kompteri inasoma 69,640. Siku ishirini na nane tangu nikuandikie, piga hesabu mwenyewe. Papa Assani alifungua kompteri yenyewe, akapuliza vumbi, akatazama meno. Mazima. Akaisomea aya zake, akairudisha mahali pake, akaandika namba kwa chaki. Kesho yake akaja, akasoma, akaondoka bila kumaliza chai.

Kuna na hili. Kila jioni naweka mfuniko wa kiti cha nyuma, nimeupiga pasi. Kila asubuhi umejikunja. Wewe unajua vyuma, mimi najua kitambaa, nacho hakinidanganyi. Mtu aliyeketi huacha mikunjo inayotoka katikati. Aliyelala huacha ya bega na ya nyonga. Hii ni ya mtu aliyelala kwa ubavu, magoti ameyakunja kwa sababu kiti ni kifupi kuliko yeye. Milango nafunga kwa ufunguo, na ufunguo nalala nao. Naogopa, yaya, nasema kweli. Mchana nashona nimeipa gari mgongo, halafu nageuza kiti kwa sababu kuipa mgongo ni vibaya zaidi.

Na Mama haogopi hata kidogo. Anachagua maharagwe karibu na gari tangu asubuhi. Jana nilimkuta ameketi kiti cha mbele anazungumza polepole. Nilimwuliza anaongea na nani.

"Minye sijui," alisema. "Lakini huyu muntu iko na baridi."

Akanituma blanketi, akaitandaza kwenye kiti cha nyuma, akachomeka pembeni kama anavyofanya kwa wajukuu.

Mbuzi gani huyo, yaya? Mimi nilikuwa nyumbani Noeli ile. Tulikula kuku.

Mdogo wako,
Daniella


Buluo, 11 Mei 2024

Daniella,

Uza vyuma hivyo. Mwite mtu wa skrepu aikate palepale uani. Mtoe Mama ndani ya gari hiyo.

Édouard


Likasi, Ijumaa, 31 Mei 2024

Yaya,

Barua yako ilikuja bila salamu, bila kuuliza hali ya Mama, bila hata kusema wewe ni nani kwangu. Nimeisoma mara nyingi kuliko zile ndefu. Basi mimi nakusalimu. Mama ni mzima. Blanketi tunaikuta na unyevunyevu wa baridi kila asubuhi, tunaianika juani.

Sikuiuza. Papa Assani alikaa na namba zake, akasema, "Gari inaenda, inarudia. Asubuhi tunaikuta hapa. Basi ni makumi mbili na tatu ya kuenda, makumi mbili na tatu ya kurudia." Tangu hapo tumekuwa tukipima. Ananibeba kwa pikipiki yake, kompteri yake inafanya kazi, tunaanzia mlangoni kwetu. Barabara ya Lubumbashi, kwenye kilomita ya ishirini na tatu tulikuta mama anauza makaa. Barabara ya Kolwezi, hakuna kitu, nyasi tu na nguzo za umeme. Nilijiona mjinga. Lakini nilipowaza kuacha, nilijua sitaacha.

Jumamosi ijayo tunajaribu barabara ya Koni.

Mdogo wako,
Daniella


Buluo, 1 Juni 2024

Mdogo wangu Daniella,

Naandika nyuma ya barua yako, shemasi Carlos ananisubiri mlangoni. Msiende barabara ya Koni. Nakuomba kama mtu anavyomwomba mtu. Ningoje hadi Desemba, nitaongea na Mama mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Yaya wako


Likasi, Ijumaa, 14 Juni 2024

Yaya,

Nakusalimu, maana ni desturi, na Mama ni mzima.

Tulikwenda. Pikipiki iliposoma ishirini na tatu, Papa Assani alizima moteri. Upande wa kushoto kuna njia ya zamani ya watu waliokuwa wakichoma matofali. Nyuma ya kichuguu tulikuta mawe yamepangwa kwa urefu wa mtu mrefu. Upande wa kichwa kimezikwa kipande cha chuma, ncha inaonekana. Nilikifuta kwa kanga. Ni kofia ya gurudumu la 404. Gari yetu ina tatu.

Papa Assani alivua kofia yake, akaomba kwa desturi yake, mimi kwa yangu. Hatukuchimba. Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi, sikumbuki muda gani. Nilikuwa na hasira nawe ambayo sijui nitaiweka wapi.

Mama sijamwambia. Bado anatandika blanketi na kuongea. Sitamwambia mimi, na sitakubali umwambie Desemba. Ana miaka sabini na minne. Andika. Barua ikisomwa mlangoni, na isomwe.

Daniella


Buluo, 20 Julai 2024

Mama, na Daniella mdogo wangu,

Salamu kwenu. Nimeanza barua hii mara sita. Daniella amsomee Mama polepole.

Elikia hakwenda Zambia. Mwezi wa Juni 2016 kulikuwa na mashimo nyuma ya mtaa wetu, mahali palipofungwa na kukatazwa. Mimi ndiye niliyeona mshipa wa shaba pale, na mimi ndiye niliyemwambia ashuke, kwa sababu alikuwa mwembamba na hakuwa akinikatalia kitu. Udongo ulianguka saa tano ya asubuhi. Wenzetu wawili walikimbia. Nilichimba kwa sururu, kisha kwa mikono, nikamtoa. Alikuwa amekwisha kufa.

Nilimlaza kiti cha nyuma, nikamwekea koti langu chini ya kichwa. Wiki iliyotangulia walikuwa wamekamata watu kwa sababu ya mashimo yale. Niliogopa kufungwa, ndiyo kweli yote. Nikaendesha hadi pale mlipopaona. Nilimzika peke yangu, nikarudi kabla Mama hajatoka sokoni, nikaosha gari na kushona kiti. Jioni nikawaambia amepata lifti ya kwenda Kasumbalesa na kuvuka. Boite sikuigusa. Nilisema imekufa ili nisiketi tena ndani ya gari hiyo.

Niliogopa jela, na jela imenipata kwa wizi wa nyaya za shaba. Hapa wamekwisha kuisoma karatasi hii kabla yenu, na najua Desemba haipo tena.

Mama, sikuombi kitu.

Mutoto wako na yaya wako,
Édouard


Likasi, Ijumaa, 16 Agosti 2024

Yaya Édouard,

Salamu. Shemasi Carlos ametuambia wamekuita ofisini mara mbili na kwamba huli. Kula.

Tumemtoa Elikia mbele ya chifu wa kijiji na polisi wawili. Tumelia kilio siku tatu nyumbani, waumini wakaimba, Papa Assani na watu wa msikitini wakaleta viti na mchele. Amelala karibu na Papa. Mama hakulia siku ya kwanza. Ya pili alilia mpaka sauti ikakatika, nami nilifurahi, maana machozi yale yalikuwa yamemkalia miaka minane.

Gari imekamilika. Moteri iliwaka mara ya kwanza kama ulivyoelekeza, freni ni nzuri, viti ni vyeupe, imetufuata makaburini ikiwa na Mama ndani. Sitaikodisha kwa bibi harusi yeyote.

Tulidhani baada ya mazishi itatulia. Asubuhi iliyofuata Papa Assani alisoma kompteri, akatoa kilomita za makaburini. Zilibaki arobaini na sita. Kesho yake arobaini na sita. Na mfuniko umejikunja vilevile. Mama alipoona hivyo aliniomba nimsomee barua yako tena, ikawa mara ya tatu. Kisha akaniambia nichukue karatasi na niandike anavyosema, nisinyooshe neno.

"Édouard, mutoto yangu. Ni minye Berthe, mama yako, njo nasema. Unaandika asema pale ulimutosha mudogo yako mu shimo, alikuwa alishakufa. Kisha unaandika asema ulimuwekea koti chini ya kichwa. Minye nilizika bantu mingi. Nilizika bwana yangu, mama yangu na batoto babili. Muntu mwenye alishakufa, tunamufunikaka kichwa. Hatumuwekeaka koti chini. Koti ni ya muntu mwenye anaumia. Tena kutoka huku kwetu kuenda barabara ya Koni, unapita mbele ya mulango ya hospitali, njia ingine haiko. Sikatale urudie ku nyumba siku moja. Niambie tu hii moja: pale mulipita ku hospitali, alikuwa anapumua?"

Nimeandika kama alivyosema.

Mdogo wako,
Daniella


Buluo, 24 Agosti 2024

Mama,

Ndiyo. Alikuwa anapumua.

Nilipunguza mwendo pale mlangoni, kisha sikusimama. Nilikuwa nampeleka kwa muuguzi mmoja mzee huko Koni, mtu asiyeuliza maswali. Hatukufika. Njia yote alikuwa ananiomba nikupigie simu wewe, asikie tu sauti yako, na mimi namjibu kwamba simu imebaki nyumbani. Ilikuwa mfukoni mwangu.

Mutoto wako,
Édouard